Fungua Mfuniko Kwanza: Kununua Saa ya Dhahabu ya Zamani kwa Mara ya Kwanza

Saa yangu ya kwanza "ya dhahabu" niliinunua kwa kuutazama uso wake tu. Kazi yangu ni kusoma prufu. Nimezeeka nikiwinda nukta zilizopotea na herufi zilizoinama, kwa hiyo nilijiona mtu mwenye macho. Nikaikagua saa ile chini ya taa, nikaridhika: maandishi safi, akrabu zimenyooka, umanjano wake mtulivu. Muuzaji akasema, "Dhahabu hiyo, mzee wangu," nami nikalipa. Wiki mbili baadaye fundi saa aliifungua ili aisafishe, akanigeuzia mfuniko wa nyuma nijisomee. Ndani paliandikwa "plaqué or 20 microns", na chini yake "fond acier inoxydable". Yaani kasha limechovywa dhahabu unene wa maikroni 20, na mgongo ni chuma cha pua. Maneno yale yalikuwapo siku zote, yamepigwa mhuri wazi kabisa. Msomaji prufu mzima nilikuwa nimenunua kitabu bila kufunua jalada.

Tangu hapo nina sharti ambalo sijawahi kulilegeza: saa isipofunguliwa mbele yangu, sitoi pesa. Na nikinunua kwa picha, nadai picha tatu: upande wa ndani wa mfuniko, mashine yenyewe, na kasha likiwa limelala ubavu. Muuzaji akiniambia hana kifaa cha kufungulia, namwambia nitangoja akipate. Wengi hukipata siku hiyohiyo.

Dhahabu ipi hasa?

Mtu akikuambia "saa ya dhahabu" anaweza kuwa anasema mojawapo ya vitu vitatu, na huenda hata yeye hajui ni kipi.

Ya kwanza ni dhahabu mwili mzima: kasha lote ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, hasa shaba na fedha, ili isiwe laini kupita kiasi. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000, karati 14 ina 585, karati 9 ina 375. Kwa saa za katikati ya karne ya 20 utakuta karati 18 zaidi kwenye makasha ya Uswisi, 14 kwenye ya Marekani, na 9 kwenye ya Uingereza. Shaba ikizidi kwenye mchanganyiko, dhahabu inakuwa nyekundu. Rangi hiyo haimaanishi kwamba ni duni.

Ya pili ni ya bamba. Hapa karatasi ya dhahabu imebanwa kwa joto na nguvu juu ya madini ya kawaida. Wamarekani walizitengeneza kwa wingi sana, na mhuri wake husema "gold filled" au, bamba likiwa jembamba zaidi, "rolled gold plate". Macho ya mgeni huona "14K" na kuishia hapo. Soma mpaka mwisho wa mstari! "14K" peke yake na "14K gold filled" ni saa mbili tofauti kabisa. Vilevile ukikuta kasha limeandikwa kwamba lina dhamana ya miaka 20 au 25, usifurahi: dhamana hiyo ilikuwa ya muda ambao bamba lingedumu kabla ya kulika. Dhahabu mwili mzima hailiki ikaisha, haikuhitaji ahadi ya namna hiyo.

Ya tatu ni ya kuchovya, kama ile yangu. Maikroni 20 ni sehemu 20 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hivyo. Zipo za maikroni 10, na zipo za 40.

Sisemi usinunue ya bamba. Ninayo moja naipenda, mashine yake ni nzuri kuliko za wenzake wa dhahabu mwili mzima. Kosa ni kulipia ya kwanza ukapewa ya pili.

Kusoma mihuri

Hapa ndipo nilipojikuta nyumbani, maana mihuri ni chapa kama chapa nyingine. Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ndiyo zana pekee ninayomlazimisha mwanafunzi wangu yeyote awe nayo.

Saa ya Uswisi ya karati 18 iliyotengenezwa kabla ya 1995 kwa kawaida ina kichwa cha mwanamke kilichotazama upande, ndiye Helvetia, mwanamke anayewakilisha Uswisi. Ya karati 14 ina kindi, ameketi na mkia umesimama. Mwaka 1995 Waswisi waliziondoa alama hizo wakaweka moja tu, kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Kwa hiyo saa inayodaiwa kuwa ya 1955 huku ina kichwa cha mbwa ndani yake inahitaji maelezo, na mimi sijawahi kupewa maelezo ya kuniridhisha. Mihuri hii ni midogo mno. Mara nyingi ipo ndani ya mfuniko karibu na "18K" au "0,750", na pengine imerudiwa upande wa chini wa masikio, yale yanayoshika mkanda.

Ufaransa hutumia kichwa cha tai kwa karati 18, na bundi kwa vitu vilivyoingizwa kutoka nje. Saa za Kisovieti zina namba 583 badala ya 585, na nyingi zina nyota yenye nyundo na mundu. Marekani haikuwa na ofisi ya serikali ya kupima dhahabu, kwa hiyo kule utakuta tu karati na jina la mtengeneza kasha. Unamwamini mtengenezaji, basi.

Lakini wanaonipendeza zaidi ni Waingereza. Kasha la Kiingereza la karati 9 hubeba mstari mzima wa alama: namba 9 na .375, alama ya mji lilipopimwa (nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, ngome ni Edinburgh), herufi za mwanzo za aliyelileta kupimwa, kisha herufi moja ya mwaka. Herufi hiyo hubadilika kila mwaka, na alfabeti ikiisha inaanzwa upya kwa mtindo mwingine wa chapa na ngao ya umbo jingine. Hebu fikiria msomaji prufu akiona hivyo! "a" ndogo yenye mkia si sawa na "A" kubwa iliyonyooka. Kati yao kuna miaka mingi. Majedwali ya herufi hizi yanapatikana kwa urahisi, lakini linganisha umbo la herufi pamoja na umbo la ngao, usilinganishe herufi peke yake. Na tangu 1907 makasha yaliyoingizwa Uingereza kutoka nje yalilazimika kupimwa na kupigwa mihuri kulekule, kwa alama zilizo tofauti na za nyumbani. Vilevile unaweza kukuta mashine ya Omega ya Uswisi ndani ya kasha la Dennison, mtengeneza makasha wa Birmingham, na hakuna udanganyifu wowote hapo. Kasha lilitengenezwa Uingereza, mashine ikaja kutiwa.

Ukiwa bado umeshika lenzi, angalia mikwaruzo midogo ya kalamu ya chuma ndani ya mfuniko: namba, tarehe, herufi ambazo huelewi. Hizo ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuifungua. Saa yenye mikwaruzo minne au mitano ilikuwa na mtu aliyeijali. Mimi huzihesabu kabla ya kuhesabu vito, yale mawe madogo ya ndani ya mashine.

Usipimie sumaku. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo kutovutwa hakukufundishi kitu. Tindikali hufanya kazi, ila huacha alama. Usikubali mtu aikwaruze saa ambayo hujaamua kuinunua, na usijaribu mwenyewe. Sonara mwenye kifaa cha eksirei anaweza kupima bila kugusa.

Kasha na masikio yake

Dhahabu ni laini, na kila anayeing'arisha saa anaondoa kidogo. Baada ya miaka 60 ya kung'arishwa na watu wenye nia njema, kona zilizokuwa kali zinakuwa kama sabuni iliyotumika. (Wale wanaokuletea saa inayowaka kama mpya wanadhani wanakufurahisha.) Ishike ubavu: masikio yote manne yawe na unene mmoja. Tazama tundu za pini za mkanda. Zikiwa karibu mno na ukingo, masikio yamesuguliwa. Mhuri uliofifia mpaka hausomeki unasema habari ileile.

Kwa saa za bamba na za kuchovya, tafuta shaba inayochungulia. Hutokea kwanza kwenye ncha za masikio, ukingo wa kasha unaogusana na shati, na pale pembeni karibu na kitufe cha kutilia ufunguo, ambapo kidole husugua kila asubuhi. Kitufe chenyewe kikiwa na rangi tofauti na kasha usishtuke. Hata kwenye saa ya dhahabu mwili mzima, kitufe huwa kimebadilishwa mara nyingi.

Uso

Uso uliopakwa upya hupunguza thamani kuliko anayeanza anavyodhani. Uso wa asili wenye madoa madogo na rangi iliyoiva ni bora kuliko mweupe pee uliochorwa upya juzi. Namna ya kuutambua ni kuusoma kama prufu. Je, mistari ya dakika inakutana sawasawa na alama za saa? Herufi zina upana mmoja, au wino umefura kwenye matumbo ya "e" na "a"? Jina la kampuni limekaa katikati? "Swiss Made" chini ya sita ni kali au imelegea kama imeandikwa kwa kidole? Linganisha na picha za saa nyingine za aina hiyohiyo, tatu au nne, wala usitosheke na moja. Niliwahi kuhesabu alama ndogo za dakika kati ya saba na nane nikapata tano. Zinatakiwa nne. Muuzaji naye akahesabu, akacheka, akairudisha kabatini. Sijui aliyefuata alihesabu.

Akrabu au namba zikiwa na rangi nzito ya kahawia au krimu iliyovimba, yaelekea ni rangi ya kung'aa gizani. Za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilitiwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Hata kama haing'ai tena, haijaisha: kilichochoka ni unga unaotoa mwanga, ilhali radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 kupungua kwa nusu. Kuivaa saa iliyofungwa vizuri ni jambo moja, kuikwangua ni jingine. Usiufungue uso huo, usiupulizie, vumbi lake lisiingie puani. Mwambie fundi mapema. Baadaye ilikuja tritiamu, na hapo utaona herufi "T" kandokando ya neno "Swiss" chini ya uso. Saa nyingi za dhahabu za kuvalia suti hazina rangi hii kabisa, na kwa anayeanza naona ni heri.

Mashine, na ndoa za mashaka

Mwezi wa Januari 1980 bei ya dhahabu ilipanda kwa kishindo ikavuka dola 800 kwa aunsi. Makasha mengi sana ya saa yaliyeyushwa enzi zile, na mashine zake zikabaki uchi kwenye masanduku ya mafundi. Nalieleza hili kwa sababu mashine yatima hutafutiwa makasha, na makasha hutafutiwa mashine. Wenye kukusanya saa huita ndoa. Dalili zake: jina lililo kwenye mashine, kwenye uso na ndani ya mfuniko hayapatani, kuna tundu la skrubu lisilo na kazi, mashine inacheza ndani ya kasha, au imezungushiwa pete ya plastiki isiyoendana na umri wake, kitufe hakikai katikati ya tundu lake. Kumbuka tu Dennison nilivyomtaja. Kutofautiana kwa jina la kasha peke yake si hatia.

Namba ya mashine hukupa mwaka kwa kukadiria. Kampuni ya Bulova ndiyo rahisi: L ni miaka ya 1950 na M ya 1960, kwa hiyo L7 ni 1957, M3 ni 1963. Longines wanatunza madaftari yao ya tangu karne ya 19, na ukiwaandikia namba wanaweza kukuambia saa ilitoka lini.

Halafu isikilize. Saa nyingi za enzi hizo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, na sikio huzifuata kwa raha. Mdundo uwe sawa pande zote mbili, usiwe wa kuchechemea. Itie ufunguo polepole: kamani ikaze kwa utaratibu mpaka isimame, isikwaruze, isiteleze. Vuta kitufe usogeze akrabu mzunguko mzima, zisigusane. Fundi mwenye kifaa cha kusikiliza mapigo atakuonyesha mbembeo wa gurudumu la mizani kwa digrii. Saa ikiwa imejazwa na imelazwa chali, digrii 270 au zaidi zinanifurahisha. Chini ya 220 nahesabu gharama ya kusafisha ndani ya bei. Na "inatembea vizuri" si sawa na "imesafishwa". Mafuta yakikauka saa hutembea huku ikijila.

Hesabu ya dhahabu

Fanya hesabu hii kabla ya kujadiliana bei. Kasha peke yake, bila mashine, kioo wala mkanda, likiwa na gramu 12 za karati 18, lina gramu 9 za dhahabu tupu. La gramu 9 za karati 9 lina gramu 3.4 hivi. Zidisha kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo (aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1), utapata sakafu ambayo kwa kawaida saa haishuki mbali chini yake. Muuzaji akikutajia uzito wa saa nzima, anakuuzia chuma na kioo kwa bei ya dhahabu. Mwombe uzito wa kasha tupu. Asipojua, kadiria kidogo kuliko anavyotaka.

Saa ndogo za wanawake za miaka ile mara nyingi huuzwa karibu na sakafu hiyo. Za kiume zenye mashine nzuri huipita. Kinachozidi sakafu ndicho unacholipa kwa sababu ni saa, na hapo ujiulize kama uso, masikio na mashine vinastahili.

Njia moja ya kupata nafuu: nunua saa iliyochongwa maandishi mgongoni. Saa nyingi za dhahabu za Uingereza na Marekani zilikuwa zawadi ya kumaliza utumishi, na majina ya watu huwafukuza wanunuzi. Yangu ya pili, ile ambayo kweli ilikuwa dhahabu, ni karati 9, milimita 33, nanga ya Birmingham, na mgongoni imeandikwa kwamba mwenyewe alipewa 1961 baada ya miaka 31 ya kazi. Mwenzangu mmoja alinishauri niifute. Kufuta maana yake ni kusugua, na kusugua ni kupunguza dhahabu kwenye mfuniko ambao tayari ni mwembamba. Tena mtu alifanya kazi miaka 31. Mimi ni nani nikamfute?

Siku ya kununua

Nenda na lenzi, kitambaa laini, na orodha ya maswali mafupi: nani aliisafisha mwisho na lini, uso ni wa asili, kuna kilichobadilishwa, naweza kuirudisha ndani ya siku ngapi fundi wangu akikuta kasoro. Jibu la mwisho lipate kwa maandishi, pamoja na neno "karati 18" au lolote alilodai. Mfuniko wa kubana ufunguliwe kwa kisu chake maalumu na mkono unaojua, maana bisibisi huacha majeraha. Piga picha ya ndani. Halafu ikabidhi kwa muuzaji, toka nje, utembee kidogo. Mimi hurudi baada ya saa moja, na mara nyingi zaidi sirudi.

Ukishainunua, ipeleke kwa fundi kabla ya kuivaa kila siku. Usiamini neno "waterproof" la miaka 70 iliyopita. Vua saa unaponawa. Ufunguo uitie asubuhi, ikiwa mkononi haijafungwa, na ukihisi kamani imegota, acha. Mikwaruzo ya kioo cha akriliki hutoka kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa. Ya kasha iache. Yangu ina mkwaruzo mmoja mrefu karibu na namba kumi na moja ambao niliukuta. Ulikuwapo kabla yangu, na fundi ameshazoea kwamba nikimpelekea saa ile namwambia kwanza asiuguse.